"Alisema yuko sawa, nikamrudisha uwanjani"

Salaam sana Wakili,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Arua, Uganda. Asubuhi naendesha boda, jioni nafundisha mpira watoto wa chini ya miaka 15 katika akademi ndogo ya mtaani kwetu. Silipwi mshahara. Mwenye akademi hunipa mafuta ya pikipiki na, siku timu ikishinda, soda na rolex, ile chapati ya mayai. Leseni ya ukocha ya CAF, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, sina, hata ile ya D. Nilichonacho ni mapenzi ya mpira na miaka niliyocheza.

Wiki tano zilizopita tulikuwa na mechi ya kirafiki. Dakika ya ishirini hivi, straika wangu, mtoto wa miaka 14, aliruka kugombea kona wakagongana vichwa na beki wao. Mlio wake niliusikia nikiwa kwenye benchi. Akalala chini, macho wazi lakini hatazami kitu. Nikakimbia, nikammwagia maji, nikampangusa uso kwa fulana yangu, baada ya muda akakaa. Akaniuliza, "Tumefunga ngapi?" Nikamwambia bado sifuri kwa sifuri. Akasimama. Akauliza tena, "Tumefunga ngapi, kocha?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Tulikaa naye nje ya mstari kama dakika tano. Sitaki kukuficha: alisema kichwa kinamgonga, nami nikamwambia, "Jezi ya tisa inatakiwa na wengi, ukikaa nje leo usinilaumu kesho." Akasema yuko sawa. Nikamrudisha. Alicheza mpaka filimbi ya mwisho, tena alipiga mpira mmoja kwa kichwa. Usiku akaanza kutapika, na mama yake alipomwamsha alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakamkimbiza hospitali, akapigwa picha ya kichwa, akalazwa siku sita. Mungu mkubwa, hakufanyiwa upasuaji. Lakini mpaka leo shule hajairudia vizuri. Akisoma kidogo kichwa kinamuuma.

Baba yake, mzee ninayemheshimu, ananidai shilingi 2,400,000 za matibabu. Anasema nisipolipa kufikia mwisho wa mwezi ataniweka ndani, halafu anipeleke mahakamani. Mwenye akademi anasema hayamhusu, kwa kuwa wazazi wote walisaini fomu kwamba akademi "haitawajibika kwa jeraha lolote". Wenzangu wa stejini wananiambia mpira ni mpira, hata wazungu wanavunjana miguu kwenye televisheni na hakuna kocha anayeshtakiwa.

Wakili, mtu anayejitolea naye anashikwa na sheria? Ile fomu haina kazi? Na je, niende nikaombe msamaha, au nikienda nitakuwa nimekiri kosa?

Kocha wa jioni, Arua

*

Kocha, salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale mtoto anapouliza magoli mara ya pili, nasimama. Nitarudi hapo. Kwanza nikupe jibu ambalo hukulitaka: ndiyo, sheria inakuhusu, na kujitolea hakukuvui wajibu. Mahakama haiulizi ulilipwa kiasi gani. Inauliza kama watoto waliwekwa mikononi mwako, nawe ukakubali kuwapokea. Ulikubali siku ile ya kwanza ulipopuliza filimbi nao wakakusikiliza.

Sheria ya uzembe tuliyo nayo Uganda kwa sehemu kubwa tuliirithi kwa Waingereza, na huipati yote kwenye kitabu kimoja cha Bunge. Inaishi ndani ya hukumu. Shina lake ni kisa cha mama mmoja, May Donoghue, aliyeletewa soda ya tangawizi kwenye mkahawa mjini Paisley, Uskoti, mwaka 1928. Alidai kwamba katika chupa ile alitoka konokono aliyeoza. Kesi ikafika Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na mwaka 1932 likasema kwamba kila mtu anapaswa kujihadhari asimdhuru jirani yake, na jirani ni yule ambaye mtu mwenye akili timamu angemfikiria kabla ya kutenda. Konokono huyo amesafiri sana. Amefika mpaka kwenye kiwanja chenu cha murramu.

Lakini usishtuke ukadhani kila mtoto akiumia kocha amekwisha. Anayekushtaki lazima athibitishe mambo matatu: kwamba ulikuwa na wajibu wa kumwangalia mtoto, kwamba uliuvunja, na kwamba madhara yalitokana na kuuvunja huko. La kwanza limeshapita, hatutalibishania. Vita iko kwenye la pili na la tatu.

Kugongana vichwa kwenye kona hakuna wa kulaumiwa. Watoto wawili wameruka, mpira mmoja, mambo ya mchezo. Anayeingia uwanjani anakubali hatari za kawaida za mchezo wenyewe, na hapo wenzako wa stejini wana haki yao. Ila walichosahau ni kwamba mgongano ulichukua sekunde moja, na uamuzi wa kumrudisha ulichukua dakika tano. Ile sekunde ni ya mchezo. Zile dakika tano ni zako.

Kuna hukumu ya Uingereza ninayoipenda kwa jambo hili. Haizifungi mahakama zetu, lakini majaji wetu husikiliza hukumu za aina hiyo. Kijana Ben Smoldon alikuwa anacheza raga ya vijana wa chini ya miaka 19 mwaka 1991, skramu, pale wachezaji wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira, zikawa zinaanguka mara kwa mara, refa hakuzidhibiti ipasavyo, moja ikaanguka na shingo ya kijana ikavunjika. Refa akajitetea: kijana alikubali mwenyewe kucheza. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ikasema alikubali mambo ya kawaida ya raga, hakukubali kwamba yule aliyepewa kazi ya kumlinda aache kuifanya. Hao hao majaji walisema pia kwamba si rahisi kumtia refa hatiani, kwa sababu mchezo unakwenda kasi na kosa la papo hapo ni la kibinadamu. Sasa jipime. Ungekuwa umekosea katika ile kasi, ningekutetea kwa sauti kubwa. Wewe ulikuwa umesimama nje ya mstari, maji mkononi, mtoto mbele yako anakuambia kichwa kinagonga.

Na alikuambia kwa njia mbili. Kwa mdomo, na kwa lile swali lililorudiwa. Mtoto aliyegongwa kichwa akiuliza jambo moja mara mbili ndani ya dakika chache, ubongo wake umetikisika mpaka daktari aseme vinginevyo. Dalili nyingine ni kuduwaa, macho yasiyotazama kitu (nayo umeiandika mwenyewe), kupepesuka, kichefuchefu, mwanga kumuumiza macho. Hana lazima ya kuzimia. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani kama hakuzimia basi hakuna kitu.

Utaniambia wewe si daktari. Kweli, na hakuna jaji atakayekupima kwa kipimo cha daktari. Atakupima kwa kipimo cha kocha wa watoto mwenye busara ya kawaida. Kanuni inayofundishwa siku hizi kwenye mpira, raga na ndondi haihitaji stetoskopu: ukishuku ubongo umetikisika, mtoe, na siku hiyo harudi tena, hata aseme yuko sawa, hata akulilie. Sababu ni kwamba pigo la pili kabla la kwanza halijapoa, hasa kwa mtoto, linaweza kuvimbisha ubongo na kuua. Jambo lenyewe limepewa uzito kiasi kwamba tangu 2024 Sheria za Mchezo wa mpira zinaruhusu mashindano kuongeza mchezaji wa akiba kwa ajili ya aliyegongwa kichwa peke yake, ili kocha asipate kisingizio cha kuishiwa wachezaji. Na hao wazungu wa kwenye televisheni ni watu wazima, kando ya mstari wana daktari mwenye mkoba. Mtoto wako alikuwa na wewe na fulana yako.

Halafu ile kauli ya jezi ya tisa. Nashukuru uliiandika; wengi wangeimeza. Hiyo ndiyo itakayokuumiza mbele ya hakimu kuliko yote, maana inabomoa utetezi wako mmoja mkubwa. Huwezi kusema "mwenyewe alisema yuko sawa" wakati ulishamwambia asipokuwa sawa atapoteza namba. Mtoto wa miaka 14 akipewa kuchagua kati ya kichwa na jezi atachagua jezi. Mimi nilicheza beki wa kulia utotoni kwenye kiwanja cha nyuma ya kambi kule Bombo, kwenye umri huo ningechagua jezi hata mguu ukiwa unaning'inia.

Tuje kwenye jambo la tatu, ambalo ni tumaini lako. Baba itambidi aonyeshe kwamba kumrudisha uwanjani ndiko kulikoleta au kuzidisha madhara. Inawezekana kabisa kwamba kila kilichotokea usiku kilitokana na mgongano wa kona, na kwamba hata ungemkalisha benchi angetapika vilevile. Hilo atalisema daktari aliyemtibu. Lakini usiligeuze kuwa ngao mapema, kwa sababu kuna ule mpira aliopiga kwa kichwa, na kuna saa zilizopita bila mzazi kujua kwamba mtoto aligongwa. Hukuandika popote kwamba ulimpigia mama yake simu. Ungempigia, wasingengoja mpaka atapike. Kumjulisha mzazi nako ni sehemu ya wajibu wako.

Fomu. Nimeshaona nyingi, zote zinafanana kama zimetoka stationery moja. Mwenye akademi asiiegemee sana. Haki ya kudai fidia ya jeraha ni ya mtoto. Mdai ni yeye, mtu mzima anamsimamia tu mahakamani kwa sababu hajafika miaka 18. Ni vigumu sana kumshawishi hakimu kwamba saini ya mzazi kwenye karatasi ya kujiandikisha iliuza haki ya mtoto kabla hata hajaumia, tena kwa uzembe wa watu ambao hajawajua. Fomu ina kazi nyingine, na nzuri: namba za simu za wazazi wawili, kama mtoto ana pumu, kifafa au sickle cell, na ruhusa ya kumkimbiza hospitali mzazi asipopatikana. Waambie wachape hiyo.

Na mwenye akademi, anayesema "hayamhusu"? Yanamhusu sana. Anayekutuma kazi hubeba makosa yako uliyoyafanya ukiwa kwenye kazi hiyo. Atasema wewe si mwajiriwa wake, ni mtu wa kujitolea. Hoja hiyo inabishanika, lakini timu ni yake, jina kwenye jezi ni lake, ada ya wazazi inaingia kwake, mafuta ya pikipiki yanatoka kwake. Mbali na hayo ana makosa yake mwenyewe: amemkabidhi watoto mtu ambaye hakumpa mafunzo wala hata sanduku la huduma ya kwanza. Deni hili lisibebwe na boda boda peke yake. Mwandikie barua, uweke tarehe, ubaki na nakala.

Sasa kutiwa ndani. Kudai gharama za matibabu ni madai ya kawaida ya mahakamani, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni. Polisi wakikuita, nenda, usijifiche, lakini nenda na mtu. Ukishikiliwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, una haki ya wakili, na bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, ni bure, hailipiwi hata shilingi. Ukiwa pale usisaini karatasi yoyote inayosema "nimekubali kulipa" kwa sababu tu unataka kulala nyumbani. Nimeona watu wakisaini madeni ya maisha saa nne ya usiku. Ujue pia kwamba madai ya jeraha la mwili yana muda wa miaka 3, kwa hiyo huo mwisho wa mwezi ni tarehe ya mzee, haijatoka kwenye sheria.

Uende kuomba msamaha? Nenda. Tena umechelewa, wiki tano ni nyingi. Kumwambia mgonjwa pole, kukaa na wazazi wake, kubeba sukari na sabuni, huo ni utu, na hakuna hakimu wa Arua atakayeuita ungamo. Usianze na pesa. Anza na mtoto. Nenda na mtu mzima wa familia yako na, ikiwezekana, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Eleza yaliyotokea kama ulivyoniandikia mimi, usipunguze. Unachotakiwa kuepuka ni kutamka hukumu juu yako mwenyewe, mambo ya "ni uzembe wangu, nitalipa zote". Hiyo ni kazi ya daktari na hakimu.

Mzee akileta risiti za hospitali, zipokee, mzihesabu pamoja. Mimi ningekushauri mkubaliane kiasi, kigawanywe kati yako na mwenye akademi, kwa awamu unazoziweza. Muandike, mashahidi waweke saini, kila upande ubaki na nakala. Kesi ya mahakamani itakula pesa nyingi kuliko hizo 2,400,000, na mzee naye analijua hilo. Ila makubaliano na baba ni juu ya pesa alizotoa mfukoni. Mtoto akibaki na madhara ya kudumu, Mungu apishe mbali, haki yake mwenyewe bado ipo. Ikifikia huko na huna uwezo wa wakili, Chama cha Mawakili cha Uganda kina mradi wa msaada wa kisheria.

Kabla sijakuachia, naogopa kitu kingine zaidi ya kichwa cha mtoto huyu. Uko Arua. Agosti 2020, huko huko kwenu, watoto waliokuwa wanacheza mpira walikimbilia kibanda cha nyasi mvua ilipoanza, radi ikapiga, kumi wakafa. Baada ya msiba ule hakuna kocha wa Arua anayeweza kusema hakujua. Ukiona mwanga wa radi, hesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30, mazoezi yamekwisha. Watoto waingie kwenye jengo imara au ndani ya gari la bati, wasijibanze chini ya mwembe wala kwenye kibanda, na msirudi uwanjani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hatari inayojulikana ndiyo inayomfunga kocha. Vivyo hivyo magoli ya chuma yasiyofungwa ardhini, ambayo watoto huning'inia kama nyani, na lile lori la mchanga mnalopandia kwenda mechi za ugenini. Najua mnalipanda.

Wala usiwapige. Hukuandika kwamba unawapiga, lakini nimekaa kwenye viwanja vingi na najua fimbo ya kona hutumika kwa kazi nyingine. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imepiga marufuku fimbo shuleni na inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na kiwanja hakiko nje ya Uganda. Ukihisi mtoto anaonewa nyumbani, au kuna mtu mzima kwenye timu anayemzoea vibaya, usilifanye siri ya klabu: piga 116, ile laini ya Sauti ya kuwasaidia watoto, ni bure. Kwa mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto, kumnajisi kunahesabiwa kosa zito zaidi kuliko akilifanya mtu wa mbali. Marekebisho ya mwaka 2007 yameruhusu hata adhabu ya kifo. Kocha ni mtu mwenye mamlaka, usijidanganye na sketi fupi wala na "tulipendana".

Kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu itafute, na kozi ya ukocha ya FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, ikija huko kwenu West Nile mwambie mwenye akademi akulipie. Sasa ana sababu. Leo jioni kabla ya yote chukua daftari uandike mechi ile mwanzo mpaka mwisho, saa, nani alikuwepo, nani alisema nini, wakati bado unakumbuka. Andika na ile kauli ya jezi. Na straika wako asiguse mpira mpaka daktari aandike kwa mkono wake kwamba anaweza. Akianza, aanze na kutembea, halafu kukimbia polepole, vichwa mwisho kabisa. Akikuuliza namba yake iko wapi, mwambie imetundikwa, inamngoja.

Mkiandikiana na mzee, nitumie karatasi niisome kabla hujaweka saini.